Adapta ya Maabara Nayo ni Amana

Mzazi wa Misima, wilayani Handeni, anapompeleka mtoto kupimwa damu, majibu anayopewa ni tarakimu. Zikinakiliwa kwa mkono, 7.9 yaweza kuandikwa 9.7, na mtoto mwenye upungufu wa damu akaonekana ana nafuu kuliko alivyo. Njia mojawapo ya kuliepuka kosa hilo ni kuiunganisha mashine ya vipimo na kompyuta.

Jirani zetu wa Korogwe walishiriki majaribio ya chanjo ya malaria ya RTS,S, yaliyofanyika kati ya 2009 na 2014 katika vituo 11 vya Afrika. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani likaipendekeza chanjo hiyo. Uamuzi mzito kama huo husimama juu ya tarakimu zilizotunzwa kwa uaminifu.

Basi tunapoitolea zahanati sadaka ya mashine, tusiiache adapta ikanunuliwa kwa kubahatisha. Kwanza, tutazame nyuma ya mashine. Tundu la pini 9 mara nyingi ni la RS-232, utaratibu wa tangu miaka ya 1960. Lile pana la pini 24 kwa kawaida ni la GPIB, uliowekewa kanuni mwaka 1975. Kila moja lina adapta yake ya kuingia USB.

Pili, tusome kitabu cha mashine, kwani umbo la tundu halitoshi. Nyaya za kutuma na kupokea huenda zikahitaji kupishanishwa, na umeme wa RS-232 waweza kuunguza kifaa cha volti 5.

Tatu, tujihadhari na bandia. Mwaka 2014 kampuni ya FTDI ya Scotland ilitoa programu iliyozilemaza chipu zilizoighushi nembo yake. Walioumia ni wanunuzi wasiojua lolote.

Nne, kabla ya kuitegemea kompyuta, tulinganishe jina na jibu la kila mgonjwa na yale yaliyomo kwenye mashine yenyewe.

Suratul Mutaffifin inawaonya wanaopunja vipimo. Hatuoni kwamba onyo hilo linaishia kwenye mizani ya sokoni. Auzaye bandia kwa jina la asili, na anayeipokea kwa mgonjwa bila kuikagua, wote wamegusa kipimo cha watu.

Allah Atujaalie kuwa waaminifu katika makubwa na madogo. Amin.