Mtoto wa Panga ya Saidi Ni Wetu

Wahenga walisema usiache mbachao kwa msala upitao. Methali hii hunijia akilini kila inapotajwa ile mada ya binadamu wa kale katika somo la Historia. Mwalimu akigeukia ubao tu, utasikia minong'ono huko nyuma. Mmoja anasema, "Babu yangu mimi hakuwa nyani!" Mwingine anamjibu, "Hayo ni mambo ya wazungu bwana, wewe kariri tu upite mtihani." Darasa linaangua kicheko na mambo yanaishia hapo.

Kwa maoni yangu, wote wawili wamepotoka.

Huyo wa kwanza hajasoma vizuri. Wanasayansi hawasemi kwamba nyani hawa wanaotuibia mahindi shambani ndio babu zetu. Wasemalo ni kwamba sisi na wao tulitoka kwenye asili moja hapo zamani za kale, kisha kila mmoja akashika njia yake. Binamu yako si babu yako, lakini babu yenu ni mmoja. Na wale wanaohofia eti somo hili litawaharibia dini, mimi pia huenda kanisani. Kuuliza mwili huu ulitoka wapi hakujanizuia kusali.

Lakini huyo wa pili ndiye anayenikera hasa. Mambo ya wazungu? Ni kweli akina Leakey walifanya kazi kubwa na majina yao yamejaa vitabuni. Hebu basi niwaulize: ni nani aliyekiona kile kipande cha fuvu huko Nariokotome, magharibi mwa Ziwa Turkana, mwaka wa 1984? Alikuwa Kamoya Kimeu, Mkenya kutoka Ukambani ambaye masomo yake hayakupita shule ya msingi. Kipande chenyewe kilikuwa kidogo, kimelala kati ya kokoto. Mimi na wewe tungekikanyaga tukapita. Yeye aliinama. Wakachimba, na kumbe palikuwa na mifupa mingi ya mvulana mmoja aliyeishi yapata miaka milioni 1.5 iliyopita! Mwaka wa 1985 Kamoya alitunukiwa nishani huko Marekani, akakabidhiwa na Rais Reagan mwenyewe. Aliaga dunia mwaka wa 2022. Semeni ukweli, ni wangapi kati yetu tulilijua jina lake?

Tutoke Turkana sasa, twende pwani. Katika kaunti ya Kilifi kuna pango liitwalo Panga ya Saidi. Watafiti wa Makumbusho ya Kitaifa ya Kenya na wenzao wa ng'ambo walichimba humo kwa miaka mingi. Mwaka wa 2017 walifukua shimo dogo lenye mifupa iliyooza sana, ukiigusa inakuwa unga. Basi wakauzungushia plasta udongo wote na mifupa ndani yake, wakaubeba hadi Nairobi, kisha ukapelekwa Uhispania kuchambuliwa polepole. Matokeo yalitangazwa mwezi wa Mei 2021. Alikuwa mtoto wa miaka kama mitatu hivi, aliyezikwa miaka 78,000 iliyopita. Hilo ndilo kaburi la zamani zaidi la binadamu wa aina yetu linalojulikana barani Afrika.

Sikilizeni jinsi alivyozikwa. Alilazwa ubavu wa kulia, magoti yamekunjwa kuelekea kifuani, kama mtoto aliyelala usingizi. Dalili zaonyesha kwamba mwili ulifungwa kwa sanda, na kichwa kikawekewa kitu mfano wa mto. Jamani, mtu aliyemwekea mtoto mto kaburini hawezi kuitwa hayawani. Uchungu wake ni ule ule tunaouona sisi tukienda mazishini. Mimi niliposoma habari hii sikucheka tena.

Na je, wataalamu walimpa jina gani? Walimwita Mtoto. Naam, neno letu la Kiswahili, nalo limesomwa na wanasayansi kote duniani. Halafu bado kuna mwenzetu atakuambia Kiswahili hakifai kwa sayansi!

Nina mapendekezo matatu. Kwanza, Chama chetu cha Kiswahili kikae na walimu wa Historia, tuandike mada hii kwa lugha yetu, tuibandike ukutani. Pili, safari ya chama ya mwaka ujao iwe ya Makumbusho ya Nairobi badala ya kwenda kupiga picha tu. Tatu, kila jina la Leakey likiandikwa ubaoni, la Kamoya Kimeu liandikwe kando yake.

Mwacha asili ni mtumwa. Huenda chini ya kokoto fulani kuna mfupa unaongoja mtu wa kuinama. Kwa nini asiwe mmoja wetu?