Kalamu nyekundu haijajibu kitu

Hivi mwanafunzi akiandika hoja, mwalimu anatakiwa amjibu nini? Vema? Kosa? Sita kwa ishirini? Nauliza kwa sababu nimeonyeshwa daftari la binti mmoja wa kidato cha tatu hapa Kamunyonge, na tangu siku hiyo nina hasira.

Walipewa insha ya kujadili hatua za serikali dhidi ya uvuvi haramu Ziwa Victoria. Sasa ndugu msomaji, ukimpa mtoto wa Musoma swali la samaki umemuuliza habari za nyumbani kwao. Binti akaandika kwamba mwaka 2018, kwenye Operesheni Sangara, nyavu za wavuvi zilichomwa moto. Lakini nyavu haziotagi ziwani, kuna anayezitengeneza na kuna anayeziuza. Kwa nini moto uanze na mwenye mtumbwi? Kurasa mbili, Kiingereza cha kuungaunga, ila hoja imesimama.

Mwalimu kapigia mistari vitenzi, kaandika "nje ya mada", kampa 6. Kuhusu hoja yenyewe hakuna hata neno moja. Hata la kupinga jamani!

Na kupinga kulikuwa rahisi. Angeandika pembeni: "Na sangara wachanga wakiisha, huyo mwenye mtumbwi atavua nini baada ya miaka mitano?" Sentensi moja tu. Binti angerudi nyumbani na kazi ya kufikiri upya, pengine angemuuliza hata baba yake. Ndiyo maana ya fikra tunduizi, neno ambalo siku hizi halikosekani kwenye semina za walimu. Wengine wanaogopa kwamba wakijibu wataonekana wameunga mkono "siasa". Tangu lini kuuliza swali kukawa ni kuunga mkono?

Tuna historia yetu kwenye jambo hili. Nyerere, aliyeanza darasa la kwanza Mwisenge hapa hapa Musoma mwaka 1934, naye aliletewa insha. Tarehe 22 Oktoba 1966 wanafunzi wa Chuo Kikuu Dar es Salaam waliandamana hadi Ikulu kupinga masharti ya kwenda JKT kwa lazima, likiwemo la kukatwa mishahara. Wakahoji: mbona wakubwa wanalipwa minono? Mwalimu akawafukuza, mamia yao. Lakini siku hiyo hiyo akatangaza kukata mshahara wake kwa asilimia 20. Yaani hoja aliielewa na akaijibu kwa mfuko wake, wenye hoja akawarudisha makwao! Miezi mitano baadaye, Machi 1967, akatoa Elimu ya Kujitegemea, akitaka shule zilee vijana wenye akili za kudadisi.

Mimi naona walimu wetu wameiga nusu ya kufukuza, ile nusu ya kujibu wameiacha Ikulu.

Najua mtaniambia habari ya msongamano. Ni kweli. Madaftari 120, kila moja dakika tano, ni saa kumi, na silabasi inasubiri. Basi usitoe insha kila wiki. Toa moja kwa mwezi. Waache wabadilishane madaftari, kila mmoja amwandikie mwenzake pingamizi moja na kuweka jina lake chini. Wewe chagua tatu, usome mbele ya darasa bila kutaja wenyewe, halafu uwaulize wengine: ushahidi uko wapi? Alama za lugha ziweke peke yake na za hoja peke yake, maana huyu mtoto anafikiri kwa Kijita au Kiswahili halafu anaandika kwa lugha ya tatu. Na anayefikia hitimisho usilolipenda apate alama zake kama ameleta sababu.

Sisemi wasifiwe ovyo. Ukiandika "safi sana" chini ya upuuzi, bado hujamjibu. Kama mtoto ameandika uvumi wa mwaloni, mwambie ni uvumi, umtume akahesabu mwenyewe mitumbwi au akaulize bei ya nyavu.

Wengine watasema mtihani wa taifa ndio unaotaka kukariri. Mitaala ya sekondari imekuwa ikiimba umahiri tangu 2005, na mipya iliyoanza Januari 2024 inaimba wimbo ule ule. Kwa hiyo wathibiti ubora wa shule wakija, wasiishie kuhesabu mazoezi yaliyosahihishwa. Wafungue daftari moja la insha, watafute mahali ambapo mwalimu amemuuliza mwanafunzi swali.