Tununue kwa Miaka, Tusinunue kwa Siku

Kila Jumanne na Ijumaa soko la Mpondwe, hapa mpakani mwa Uganda na Kongo, hufurika. Wakulima huteremka kutoka vilima vya Bwera na kahawa, maharagwe na ndizi. Ndugu zetu wa Kasindi, upande wa Kongo, huvuka mto Lhubiriha kuja kuuza na kununua. Jioni ikifika, fedha iliyotafutwa kwa jasho imekwisha kugeuka sufuria, beseni, kandambili, tochi na jerikeni. Hilo si kosa, kwani nyumba haiendeshwi bila vyombo. Kosa liko katika namna tunavyovichagua. Tukifika mbele ya muuzaji tunauliza, "Bei gani?" kisha tunaanza kuvutana naye juu ya shilingi mia tano. Ni wachache wanaouliza, "Kitakaa muda gani?"

Tupige hesabu, ndugu msomaji. Tuseme beseni jepesi ni shilingi 8,000 na hupasuka baada ya miezi minne, na beseni zito ni shilingi 20,000 na hukaa miaka mitatu. Katika miaka hiyo, mpenda rahisi atanunua mabeseni tisa na kulipa shilingi 72,000. Aliyechekwa sokoni kwa kutoa 20,000 mara moja atakuwa amebakiza shilingi 52,000, na fedha hiyo hununua daftari nyingi za watoto. Bei nilizotaja ni za mfano. Chukua bei unazozijua wewe, ufanye hesabu hiyo kwa beseni, kwa jembe na kwa viatu. Utaona kwamba anayeumizwa zaidi na vitu hafifu ni yule yule mwenye kipato kidogo, maana ndiye anayelipia kitu kimoja mara tisa.

Wala tusidhani kwamba uhafifu huja kwa bahati mbaya kila mara. Mwaka 1924 makampuni makubwa ya balbu za umeme, yakiwamo Osram, Philips na General Electric ya Marekani kupitia matawi yake, yaliungana katika chama kilichoitwa Phoebus, chenye makao yake Geneva. Walipatana kwamba balbu ya kawaida iwake kwa saa 1,000 tu, ingawa ufundi wa siku hizo uliweza kutengeneza balbu za kudumu zaidi. Kiwanda kilichotoa balbu zenye umri mrefu kilitozwa faini! Ujanja wa namna hiyo ndio uliowafanya Wafaransa mwaka 2015 watunge sheria inayohesabu kuwa ni jinai kufupisha kwa makusudi umri wa bidhaa. Januari 2021, muuzaji wa simu au mashine ya kufulia nchini Ufaransa alianza kutakiwa kuonyesha alama inayomwambia mnunuzi kama kitu hicho kinatengenezeka kikiharibika. Ikiwa matajiri wa Ulaya wameona haja ya kujilinda, sisi tunaohesabu sarafu tuna haja kubwa zaidi.

Na haja hiyo inaongezeka. Juni 2021 Rais Museveni wa Uganda na Rais Tshisekedi wa Kongo walikutana hapa hapa mpakani kuzindua ujenzi wa barabara za Kongo, ikiwamo ya kutoka Kasindi hadi Beni, na mwaka uliofuata Kongo ikaingia katika Jumuiya ya Afrika Mashariki. Tunashukuru kwa barabara. Lakini barabara haichagui mzigo: lori linaloleta jembe imara ndilo linaloleta na jembe linalopinda kwenye jiwe la kwanza. Kuchagua ni kazi yetu.

Basi tuchague vipi? Kwanza, tukipime chombo kwa kazi itakayokingoja nyumbani. Bundu letu, yaani ugali wa muhogo, husongwa kwa nguvu, na sombe, yaani majani ya muhogo, hukaa motoni muda mrefu. Sufuria yenye kitako chembamba kama karatasi itaunguza chakula, na masikio yake yatang'oka kwenye misumari. Ishike, ibonyeze kitako kwa kidole gumba, tazama masikio yamefungwaje. Jembe nalo litakwenda kwenye miteremko ya Rwenzori yenye mawe, kwa hiyo tazama tundu la mpini: lililofuliwa pamoja na bamba hustahimili kuliko lililobandikwa kwa kulehemu ovyo. Kwa jerikeni, ile nzito ya lita 20 iliyokuja na mafuta ya kupikia mara nyingi huishinda mpya nyepesi inayong'aa. Wazee walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Rangi ya kuwaka ni mojawapo ya miguu inayokitembeza kibaya.

Pili, tuulize kama kinatengenezeka. Mpini ukivunjika, je, utapatikana mwingine? Tochi inafunguka kwa bisibisi, au imegandishwa kwa gundi ili ikizimika itupwe? Viatu vya matairi, vile vya lugabire, havina urembo mwingi, lakini mkanda ukikatika fundi anagongomea mwingine na safari inaendelea.

Tatu, tusihadaike na uzito peke yake. Sufuria nzito zinazosubuliwa kutokana na vyuma chakavu huweza kudumu miaka mingi, lakini uchunguzi wa sufuria za namna hiyo nchini Kameruni, uliochapishwa mwaka 2014, uligundua kwamba zilikuwa zikitoa madini ya risasi, na risasi hudhuru ubongo wa mtoto. Kudumu kusikokuwa na usalama hakufai kitu. Kwa vyombo vya chakula tutafute kwanza vile vinavyojulikana vilikotoka na vyenye alama ya ubora ya Shirika la Viwango la Uganda, UNBS. Tudai na risiti pia. Sheria ya mauzo ya bidhaa ya mwaka 2017 inamtaka mfanyabiashara auze kitu kinachofaa kwa kazi yake, lakini asiye na risiti atadai kwa ushahidi gani?

Najua jibu nitakalopewa: "Mwandishi, maneno yako ni mazuri, lakini hiyo 20,000 ya mara moja itatoka wapi?" Hoja hii ni ya kweli, na siipuuzi. Mtu hununua hafifu kwa sababu mkononi ana 8,000 na maji yanahitajika leo. Dawa yake tunayo tayari vijijini mwetu. Vikundi vya akiba vya sanduku vimeenea wilaya nzima ya Kasese, na mwisho wa mwaka wanachama hugawana fedha zao. Fedha hiyo tusiimalize kwa nyama na soda za Krismasi. Kikundi kiamue kwamba kila mgao, kila nyumba inunue angalau kitu kimoja imara, na wanunue pamoja ili wapunguziwe bei. Ushirika wa wakulima wa Bukonzo Joint, huko Kyarumba, umewafunza mume na mke kukaa pamoja na kuchora kwa picha mipango ya nyumba yao. Funzo hilo litufae. Mara nyingi baba ndiye anayeshika fedha ya kahawa, na mama ndiye anayeshika mwiko na jembe. Asiyesonga bundu akimnunulia sufuria anayesonga bila kumuuliza, tusishangae ikipasuka.

Tukishanunua, tutunze. Jerikeni inayoachwa juani siku baada ya siku hukakamaa na kupasuka. Panga lililolala kwenye umande hushikwa na kutu. Na tuwape mafundi wetu kazi: kila chombo kinachozibwa au kuunganishwa hapa Bwera huacha fedha kwa jirani. Lakini kilichokwisha kutupwa huchomwa uani watoto wakavuta moshi wake, au huangukia Lhubiriha na kwenda Ziwa Edward, tunakopata samaki.

Nanyi wafanyabiashara, mnaagiza mizigo kwa kufuata tunachonunua. Tukiacha vitu hafifu vibaki mezani, safari ijayo mtaleta vilivyo bora. Kwa hiyo ufunguo uko mikononi mwetu wanunuzi. Siku ya soko ijayo, kabla hujafungua mkoba, kishike kitu, kigeuze, kibonyeze, uliza kitakaa muda gani na nani atakitengeneza. Muuzaji akishindwa kukujibu, kirudishe mezani, uende meza ya pili.