Mahakama si ligi, jamani

Kuna kauli inanikera kuliko foleni ya Ubungo: "Kesi ni kama mechi tu. Mwenye wakili mkali anashinda, aliyefungwa akubali matokeo." Naisikia kwenye daladala, naisikia kwa waandishi wenzangu, na juzi nimeisikia kwa mwanafunzi wa sheria. Huyo ndiye hakimu wetu wa kesho!

Waingereza wana mchango wao katika mkanganyiko huu. Kwao neno moja linataja kiwanja cha tenisi na chumba cha hakimu. Sisi tulilikopa, tukaliita korti, tukampa hakimu peke yake. Wachezaji tukawaachia kiwanja. Lugha yetu ilitenganisha vizuri kabisa. Vichwa vyetu ndivyo vinavyochanganya.

Hebu twende Hanang.

Kuanzia mwanzoni mwa miaka ya 1970, shirika la umma la NAFCO, kwa msaada wa Kanada, lilitwaa malisho ya Wabarabaig kwenye uwanda wa Basotu ili kulima ngano. Mashamba saba, karibu ekari laki moja. Trekta zikapita hata juu ya makaburi ya wazee wao. Mwaka 1981 kijiji cha Mulbadaw na baadhi ya wanakijiji wakafungua kesi Mahakama Kuu, Arusha (Mkoa wa Manyara haukuwepo, ulianzishwa 2002). Wakashinda. NAFCO wakakata rufaa, na katika rufaa ya 1985 Mahakama ya Rufani ikapindua ushindi ule.

Kwa nini? Sababu mbili. Kwanza, halmashauri ya kijiji haikuonesha kwamba iligawiwa ardhi ile kwa utaratibu uliowekwa. Pili, wanakijiji hawakuthibitisha kwamba wao ni wenyeji kwa maana ya Sheria ya Ardhi ya mwaka 1923. Yaani Mbarabaig wa Hanang, miaka zaidi ya 20 baada ya Uhuru, alitakiwa kuthibitisha kuwa ni Mwafrika, kwa kipimo kilichoandikwa na mkoloni!

Sasa linganisha. Gidamis Shahanga, mtoto wa Hanang hiyohiyo, alishinda marathoni ya Michezo ya Jumuiya ya Madola kule Edmonton mwaka 1978. Mwaka 1982 akashinda mita 10,000 kule Brisbane, wakati kesi ya Mulbadaw iko mahakamani. Bendera ikapanda, wimbo ukapigwa, na hakuna aliyemdai ushahidi wa uenyeji. Kwenye kukimbia, watu wa Hanang ni wetu. Kwenye kudai malisho, walete vithibitisho.

Nasikia mtu anasema: "Lakini taratibu ndizo zinazomlinda kila mtu. Bila hizo hakimu angeamua kwa huruma." Kweli, taratibu lazima ziwepo. Ila utaratibu ni njia ya kufika kwenye ukweli. Ukiwa ukuta wa kuzuia ukweli usiingie, haulindi mtu. Wala hili si wazo langu la kijiweni. Tangu 2000 Katiba yetu, ibara ya 107A, inazitaka mahakama zitende haki bila kufungwa kupita kiasi na masharti ya kiufundi.

Na wale wanaoshikilia kwamba kesi ni mechi, basi tucheze kwa masharti yao. Mpira una kanuni moja ambayo hata mtoto wa chandimu anaijua: sheria haibadilishwi mechi ikiendelea. Kule Hanang, kesi nyingine dhidi ya NAFCO ilifunguliwa 1988. Mwaka 1989, kesi ikiwa bado inaendelea, serikali ikatoa tangazo la kufuta haki za kimila kwenye ardhi ya mashamba yale. Refa wa mchangani angepigwa mawe kwa hilo.

Mbulu nako hivyohivyo. Lohay Akonaay na mwanawe Joseph, wa kijiji cha Kambi ya Simba (Karatu ilikuwa bado ndani ya Mbulu), walishinda kesi ya ardhi Arusha mwaka 1987, ardhi waliyoipoteza wakati wa vijiji vya ujamaa. Mwaka 1992 Bunge likapitisha sheria namba 22: haki za kimila za zamani vijijini zimefutwa, fidia hakuna, kesi zilizopo zinakoma, hukumu zisitekelezwe. Bao limeingia, limeandikwa ubaoni, halafu inatungwa sheria ya kulifuta.

Baba na mwana wakagoma. Wakaifikisha sheria hiyo Mahakama Kuu, serikali ikakata rufaa, na Mahakama ya Rufani chini ya Jaji Mkuu Francis Nyalali ikasema kwamba haki ya kimila katika ardhi ni mali inayolindwa na Katiba, na kwamba huwezi kumnyang'anya mtu fidia wala kumfungia mlango wa mahakama. Kila mkulima na mfugaji wa nchi hii ana deni kwa familia ile ya Mbulu.

Ndiyo maana nakataa hii "akubali matokeo". John Stephen Akhwari, naye wa Mbulu, alifika wa mwisho kwenye marathoni ya Mexico City mwaka 1968, wa 57, goti limefungwa bandeji, zaidi ya saa moja nyuma ya mshindi. Dunia inampigia makofi hadi leo, na ni sawa, kwa sababu aliyemtangulia hakumwibia kitu. Mahakamani hakuna wa mwisho mwenye heshima. Mwenye haki akishindwa pale, ameibiwa, na wakati huu kwa muhuri.

Na sisi waandishi tuache vichwa vya habari vya "wabwagwa kortini" na "wagaragazwa". Tunaandika nani kashinda, hatuandiki kwa nini. Laiti magazeti yangeweka ukurasa wa mbele kwamba watu wa Mulbadaw wameshindwa kwa sababu hawakuthibitisha kuwa ni Waafrika, nchi ingecheka, halafu ingekasirika. Hasira hiyo ndiyo tuliyokosa.

Safari ijayo ukiambiwa fulani kashinda kesi, uliza swali moja tu: ilikuwa haki yake?

Nawasilisha.