Onyo Bila Mpimaji

Jaan Tallinn, mhandisi wa programu kutoka Estonia, alitajirika kwa Skype, ile simu ya intaneti iliyowasaidia wengi kuongea na ndugu zao walioko ng'ambo. Angeweza kustarehe na pesa zake. Badala yake, akageukia kazi ya kuonya. Mwaka 2012, pamoja na mwanafalsafa Huw Price na mwanafizikia wa anga Martin Rees, alianzisha kituo katika Chuo Kikuu cha Cambridge cha kuchunguza mambo yanayoweza kumfuta binadamu duniani, ikiwemo akili unde itakayomshinda aliyeiunda. Machi 2023 alikuwa miongoni mwa waliotia sahihi barua ya kuzitaka kampuni zisitishe kwa angalau miezi 6 mafunzo ya mifumo yenye nguvu kupita iliyokuwepo. Kampuni kubwa zikaendelea na kazi.

Mwenyeji wa Mwingi anayehangaikia maji ana haki ya kuuliza hayo yamhusu nini. Yanamhusu, kwa sababu huku Ukambani, Kenya, tunajua onyo lisilo na mpimaji linagharimu nini.

Mwaka 1981 watu 12 walikufa Machakos baada ya kula mahindi yenye sumu ya aflatoksini. Chanzo kilijulikana tangu hapo: ukungu unaoota kwenye nafaka iliyowekwa ghalani ikiwa na unyevu. Wataalamu wakaandika. Miaka 23 ikapita. Mwaka 2004 sumu ileile ikarudi, safari hii Makueni na Kitui zikaumia kuliko kwingine. Watu 317 waliugua, 125 wakafa. Mahindi na unga uliopimwa kutoka masokoni, zaidi ya nusu ulikuwa umepita kiwango kilichoruhusiwa. Hakuna aliyeweza kudai kwamba hatari hiyo ilikuwa ngeni. Aliyekosekana ni mtu wa kusimama mbele ya gunia, kulipima, na kusema: hili haliuzwi.

Mkulima makini hutia punje na chumvi kavu ndani ya chupa, akaitikisa, kisha akatazama. Chumvi ikinata kwenye chupa, mahindi yanarudi juani. Ni mbinu nzuri na haina gharama, ila inaonyesha unyevu tu. Sumu iliyokwisha kuingia haionekani kwenye chupa, na sufuria ya githeri haiimalizi. Ndiyo maana mkulima hawezi kuachiwa kazi hii peke yake, wala kampuni za akili unde haziwezi kuachiwa zijipime na kujipa cheti.

Hapo ndipo tunapotofautiana kidogo na Tallinn. Aliwekeza pesa zake DeepMind, kisha Anthropic, kampuni zinazounda mifumo hiyohiyo anayoihofia. Anaamini kwamba aliye karibu na kampuni hizo atasikilizwa zaidi. Huenda. Lakini mwenye hisa si mkaguzi, hata awe mwema namna gani.

Ukaguzi ni kazi ya serikali. Kenya iliunga mkono Azimio la Bletchley kuhusu usalama wa akili unde Novemba 2023, na mwaka uliofuata ikajiunga na mtandao wa kimataifa wa taasisi za usalama huo. Vizuri. Sasa wananchi waambiwe ni ofisi gani Nairobi yenye wataalamu, vifaa na mamlaka ya kuuzuia mfumo hatari usitumike nchini. Mkazi wa Kyuso aliyenyimwa mkopo wa simu na mashine isiyotoa sababu ajue pa kupeleka malalamiko.

Serikali za kaunti nazo zisijifiche nyuma ya Nairobi. Mavuno ya mvua za vuli huingia sokoni mapema mwaka unaofuata. Vifaa vya kupima aflatoksini, na maafisa wenye mamlaka ya kuzuia gunia, wawe wamefika Mwingi, Kitui na Wote kabla ya lori la kwanza kupakia.