Walezi wa mabweni nao wafikiriwe

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nitoe dukuduku langu kuhusu wafanyakazi ambao sauti yao haisikiki, nao ni walezi wa mabweni ya watoto wenye ulemavu wa akili.

Mabweni haya, yaliyo katika baadhi ya shule zetu za msingi, yamewaokoa watoto waliokuwa wakifungiwa ndani. Yamewapumzisha pia wazazi, hasa akina mama, ambao sasa wanaweza kwenda shambani au sokoni bila wasiwasi. Lakini mzigo ule haukutoweka. Umetolewa kichwani kwa mama mmoja akatwishwa mama mwingine, ambaye tayari anao ya wenzake wengi. Kweli mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi.

Katika shule moja niliyopata kufundisha, mlezi alikuwa mmoja kwa watoto 20. Aliwaogesha, aliwafulia, aliwalisha wasioweza kushika kijiko, na usiku aliwaamsha kwenda msalani. Malipo yake yalitoka katika michango ya wazazi. Mchango ukichelewa, naye alisubiri. Mkataba hakuwa nao. Usiku mmoja mtoto mwenye kifafa alianguka kutoka kitandani akaumia kichwa, mlezi akiwa amepitiwa na usingizi. Kamati ilikaa ikamfukuza kwa uzembe. Nami nilikuwemo katika kikao kile na sikusema neno. Ndiyo sababu naandika leo.

Hebu tupige hesabu. Tuseme mchana wa siku za masomo watoto wako na walimu. Kuanzia saa 12 jioni hadi saa 12 asubuhi ni saa 12; kwa siku saba ni saa 84. Ongeza mchana wa Jumamosi na Jumapili, saa 24. Jumla ni saa 108 kwa wiki. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inasema saa za kawaida za kazi zisizidi 45 kwa wiki, na mfanyakazi apate mapumziko ya saa 24 mfululizo kila wiki na likizo ya siku 28 kwa mwaka. Kwa hiyo saa 108 zinahitaji watu watatu. Je, mzembe ni yule aliyesinzia, au ni sisi tuliompa mtu mmoja kazi ya watu watatu?

Tena, walimu wa elimu maalumu husomea kazi yao, kama pale Chuo cha Ualimu Patandi, Arusha. Mlezi yule, aliyekaa na watoto muda mrefu kuliko mwalimu, hakufundishwa hata kumlaza ubavu mtoto aliyeshikwa na kifafa.

Wapo watakaosema fedha hakuna. Mbona za kujengea bweni zilipatikana? Jengo halimwamshi mtoto usiku.

Naziomba halmashauri ziwaajiri walezi hawa kwa mikataba ya maandishi, wasipungue watatu kwa kila bweni, na wapewe mafunzo japo ya muda mfupi. Na kamati za shule, kabla ya kumfukuza mlezi, zihesabu kwanza saa alizokesha.

Mwalimu wa Kijijini,
Tanga.