Njaa ya Ugenini

Vijana wetu wasomao Ulaya hutuletea salamu za kuagiza achari na bizari. Hatuwacheki, nasi tuliolelewa kwa mbaazi za nazi twayajua hayo.

Mwaka 1888 Mohandas Gandhi, kijana wa miaka 18 wa Gujarat, alikwenda London kusomea sheria. Kabla hajapanda meli alimwapia mama yake kwamba hatagusa nyama, mvinyo wala mwanamke. Huko akaandaliwa mboga za kuchemsha zisizo chumvi wala kiungo, na mkate vipande viwili vitatu. Kuomba zaidi akaona haya. Rafiki yake akamhoji kila siku: kiapo kwa mama asiyejua kusoma kina thamani gani? Swali hilo, enyi vijana, lilikuwa zito kuliko njaa yenyewe. Hakuwa wa dini yetu, lakini mama ni mama; akakataa.

Alizunguka mji kwa miguu hata akaukuta, mtaa wa Farringdon, mkahawa usiopika nyama. Akala akashiba, mara ya kwanza tangu kufika Uingereza. Baadaye akaacha hata kuagiza viungo kwao, na ule mchicha wa kuchemsha akauona mtamu.